Simu Iko Chaji

Ndugu zetu mnaotengeneza programu, mlikaa hapa siku mbili, mkauliza kila kaya: "Mna simu?" Tukajibu tunayo. Basi mkaamua namba ya siri ya mgao ije kwa meseji, na ife baada ya dakika tano. Simu inashinda wapi, hamkuuliza! Yetu ni moja, sisi watu saba, na mchana kutwa iko kibandani inachajiwa. Mama alirudi na gunia tupu.

Miaka ya 1980 Lucy Suchman, mwanaanthropolojia wa Xerox, aliwarekodi kwa video watu wawili wawili wakihangaika na mashine ya fotokopi. Alitazama mikono yao, akasikiliza walivyoambiana. Nanyi njooni mshinde nasi pale kibandani. Fomu ziacheni ofisini.