Mhina uani, piko kando

Mama mmoja wa Kilwa Masoko ameniandikia kwamba binti yake wa miaka tisa alipakwa piko kwenye harusi ya shangazi yake. Siku ya nne mikono ikaota malengelenge yaliyofuata mchoro, ua kwa ua na jani kwa jani. Anauliza kama hina ndiyo imemdhuru mwanawe, na kama awakataze mabinti kujipamba.

Mzazi mwenzangu, hina na piko si ndugu. Hina ni jani la mhina lililokaushwa na kutwangwa, basi. Usiku ule rangi huwa ya machungwa, kesho na keshokutwa inakolea kuwa nyekundu ya kahawia, na nyeusi ya wino haifiki hata ukiomba. Piko la dukani kwa kawaida ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na kuipaka ngozini ni marufuku. Huku kwetu pakiti inakorogwa kwa kukisia.

Ubaya wake hauishii kwenye malengelenge. Mwili ukishaikataa hauisahau. Binti huyo akija kupaka rangi nyeusi ya nywele akiwa mkubwa, anaweza kuvimba uso mpaka macho yafunge. Kwa hiyo asiguswe tena na piko, na mikono ikaonwe hospitali. Msimpake dawa ya meno wala majivu. Kujipamba hakuna haja ya kukataza. Tamaa ya piko inaponywa kwa kuwa na mhina wako mwenyewe.

Na mhina hauna makuu. Porini huota wenyewe kandokando ya mito ya sehemu kavu za Afrika Mashariki, hivyo jua la Kilwa haliutishi. Mvua zetu za pwani ya Lindi ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, basi otesha mapema ili mche uikute mvua. Mbegu ni ndogo sana na zinataka kulowekwa siku kadhaa huku ukibadilisha maji. Mwenye jirani mwenye mti asihangaike nazo: omba tawi lililokomaa, nene kama kalamu ya risasi, refu shibiri moja. Pukutisha majani ya chini, zika nusu yake kwenye kiriba chenye udongo wa kichanga, weka kivulini na umwagilie bila kulowesha chapachapa. Likishachipua vizuri, lihamishie penye jua la kutwa. Usilipande yanapotuama maji ya bafuni, na lizungushie miti mpaka lipate nguvu, maana kuku na mbuzi hawana adabu.

Kwenye kupogoa ndipo wengi wanapouacha mti ukawashinda. Usipokatwa hupanda mita nne, tano, matawi yakawa na ncha za miiba, na watoto wakachomwa. Kila mwaka kabla ya mvua ushushe mpaka usawa wa kiuno, utachipua majani machanga, na hayo ndiyo yenye rangi nyingi. Ila maua hutoka kwenye ncha za matawi. Ukikata yote, umekosa maua. Mimi huacha upande mmoja bila kuugusa, kwa sababu harufu ya maua ya mhina jioni, madogo yale meupe ya maziwa, ni haki ya kila mwenye ua.

Majani yaanike kivulini, maana jua kali linaua rangi. Yakikauka na kuwa makavu ya kuvunjika, twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi, koroga na maji ya uvuguvugu na limau, funika saa kadhaa hadi juu kugeuke kahawia. Binti apakwe jioni, akae nayo muda mrefu, kisha aikwangue bila kukimbilia maji. Huyu aliyeungua asubiri ngozi ipone kabisa, halafu mjaribu nukta moja kwenye kiwiko kwa siku mbili. Na hina ya pakiti inayotoa weusi kwa nusu saa, irudishe ilikotoka.

Kuna jambo moja ambalo bibi zetu hawakuambiwa. Hata hina safi isipakwe mtoto mchanga, si nyayo, si kichwa. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, wavulana zaidi, na hali hiyo ni ya kawaida kwenye nchi zenye malaria kama pwani yetu. Rangi ya hina ikipenya ngozi yao laini huvunja chembe nyekundu za damu. Mzazi hawezi kumjua mtoto wa namna hiyo kwa kumtazama. Kama ameshapakwa, mchunguze siku zinazofuata: macho kuwa ya njano, midomo kupauka, kugoma kunyonya, au mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukiona mojawapo, mkimbize hospitali usiku huohuo, na umwambie daktari kwamba mtoto amepakwa hina, kwani asipoambiwa anaweza kuanza kutafuta malaria.