"Ni Mwezi Tu" Si Jibu

Leo naweka programu kando kidogo maana kuna jambo linanikera. Mtoto wa hapa Kilifi akiuliza kwa nini bahari inajaa na kupwa, huambiwa ni mwezi unavuta maji. Imekwisha, nenda kacheze. Mtoto mwenye akili atarudi: mwezi unapita juu yetu mara moja tu kwa siku, mbona maji yanajaa mara mbili? Hapo ndipo wakubwa wengi hukasirika.

Na hilo la pili ndilo swali lenyewe! Mwezi unavuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko unavyovuta kitovu cha dunia, na kitovu nacho kinavutwa zaidi ya upande wa mbali. Kwa hiyo maji yanatuna pande zote mbili, nasi tunapitia kote dunia inapozunguka. Na kwa vile mwezi nao unasogea, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Mvuvi wa Malindi analijua hilo bila kitabu: leo yakijaa saa nne, kesho yatajaa karibu na saa tano. Jibu la namna hii unaweza kulipima kwa saa na kijiti ulichochomeka ufuoni. "Ni mwezi tu" utalifanyia nini?

Kazini kwangu mtu akilalamika kwamba programu imekwama, sianzi kwa kumwambia haiwezekani. (Wapo wanaosema "kwangu inafanya kazi". Tunawajua.) Kwanza narudia alichokifanya, hatua kwa hatua, nione kwa macho yangu.

Ndiyo maana nampenda sana Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanzania. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friza ikawa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, na baadaye mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu.

Miaka michache baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, Mpemba alimwuliza swali lile lile Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliporudi chuoni aliagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi! Jamani. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na jambo hilo likaitwa kwa jina la yule kijana.

Je, ni kweli? Bado wanabishana. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliahidi pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa maana, na wakaonyesha kwamba ukiinua kipimajoto sentimita moja tu ndani ya maji matokeo yanaweza kugeuka. Kwangu mimi hilo halimpunguzii Mpemba hata chembe. Wale walimu hawakuwa wamepima chochote. Hata kama maji ya moto hayagandi mbele, wao hawakuwa na haki ya kusema hivyo.

Wenye friza nyumbani, hasa mnaouza barafu za ubuyu, jaribuni. Vikombe viwili vya aina moja, maji ya kiasi kimoja, kimoja cha moto na kingine cha kawaida. Amueni mapema "kuganda" maana yake nini: utando wa kwanza juu, au donge zima? Na futeni ile barafu nyembamba iliyoota kwenye sakafu ya friza. Kikombe cha moto huiyeyusha na kugusa chuma chenyewe, cha kawaida hubaki kimekaa juu yake kama kwenye blanketi, na hapo mtakuwa mmepima friza badala ya maji.