Utulivu wa Saa Moja Usidhaniwe Amani

Siku hizi kutafakari kumekuwa dawa ya kila maradhi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Tangu hapo mbinu zilizotoka katika dini ya Buddha zimeingia maofisini, na sasa zimo hata kwenye simu: unafumba macho dakika 10, unaifuata pumzi, roho inatulia. Sina ugomvi na hilo. Mgonjwa akipata nafuu, na ashukuru. Ugomvi wangu ni na yule anayeinuka mkekani akadai kwamba amekwisha kuipata amani aliyoifundisha Buddha.

Buddha mwenyewe hakuridhika na utulivu wa namna hiyo. Alipoihama nyumba yao akiwa na umri wa miaka 29, alisoma kwanza kwa Alara Kalama, kisha akafuata mafundisho ya Uddaka Ramaputta. Kwa wa kwanza alifika mahali ambapo akili haishiki chochote. Kwa wa pili akapita hata hapo. Walimheshimu, wakamtaka abaki awaongoze wanafunzi. Akaenda zake. Kwa nini mtu aondoke penye raha kama hiyo? Kwa sababu aliona kwamba hali ile ina mwisho, na ikiisha, tamaa na hofu ziko palepale zinamngoja.

Baadaye, alipokuwa mwalimu, aliwasimulia watawa wake kisa cha Vedehika, bibi wa mji wa Savatthi aliyesifika kwa upole na utulivu. Kijakazi wake alikuwa hodari. Kazi zote zilikwisha kabla hajaulizwa. Siku moja akajiuliza: bibi yangu hana hasira, au anayo ila haijapata sababu kwa vile kazi yangu haina dosari? Akaamua kumpima. Akalala mpaka jua likapanda.

"Ewe kijakazi!"

"Lebeka, bibi."

"Mbona umechelewa hivi kuamka?"

"Si kitu, bibi."

Bibi akakunja uso. Mara ya pili kijakazi akachelewa zaidi, yakamtoka bibi maneno makali. Mara ya tatu bibi akashika komeo la mlango, akampiga nalo kichwani. Damu zikichuruzika, kijakazi akatoka nje vivyo hivyo kuwaonyesha majirani kazi ya mpole wao.

Wafuasi wa Theravada, walio wengi Sri Lanka, Thailand na Myanmar, wanalieleza jambo hili waziwazi. Akili ikizama vizuri, vizuizi vitano hunyamaza: tamaa, chuki, uzito wa usingizi, mahangaiko na shaka. Lakini mizizi yake hubaki, kama makaa chini ya majivu. Kinachoing'oa ni kuona kwa jicho la ndani, tena na tena, jinsi kila kinachozuka kinavyopita, na jinsi kung'ang'ania kunavyozaa mateso.

Tena kazi hii haifanywi mkekani peke yake. Njia ya Buddha ina sehemu 8, na kuzamisha akili ni moja tu kati yake, ya mwisho kutajwa. Kabla yake kuna usemi, mwenendo na riziki ya halali. Mtu anayepunja mizani mchana na kutafakari usiku atatulia, naam. Pengine atatulia kiasi cha kupunja kesho kwa mkono usiotetemeka.

Wafuasi hao wa Theravada wanahesabu pingu 10 zinazomfunga binadamu. Anayefika daraja la kwanza la ukombozi huvunja 3 tu, na chuki haimo. Hiyo hulegea daraja la pili, ikakatika la tatu. Basi ndugu yangu uliyetoka juzi kwenye kozi ya kutafakari ya siku 10, usijipime kwa ulivyojisikia kule, ambako hukusemeshwa na mtu na chakula ulikikuta tayari. Waulize walio chini yako: dada wa kazi, karani, mtoto aliyevunja sahani. Wakikwambia bado unafoka, usivunjike moyo, wala usiongeze tu dakika za kufumba macho. Itazame hasira yenyewe inapoanza kupanda: imetoka wapi, inataka nini, na inadumu muda gani usipoilisha.