Msikilizaji Si Mtungi: Hadhira ya Redio na Nadharia za Darasani

Tasnifu nyingi zinazoandikwa katika idara za Kiswahili kuhusu lugha ya vyombo vya habari hufuata mkondo mmoja. Mtafiti hurekodi taarifa za habari au matangazo ya biashara, huorodhesha makosa ya upatanisho wa kisarufi, huhesabu maneno ya Sheng na ya Kiingereza yaliyochopekwa, kisha huhitimisha kwa kuonya kwamba watangazaji wanaiharibu lugha ya vijana. Anayekosekana katika kurasa hizo zote ni kijana mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza alisikia nini, alikuwa akifanya nini redio ikinguruma, wala alikwenda kumsimulia nani. Hitimisho kama hilo limejengwa juu ya nadharia ambayo mtafiti hakuitaja, na huenda hajui kwamba anaitumia.

Nadharia hiyo ni ile inayojulikana kama nadharia ya sindano. Ilishika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati propaganda ilipoonekana kuwa na nguvu za ajabu, na humchukulia mpokeaji kuwa mwili uliolala ukingoja kudungwa: ujumbe huingia ulivyo na kuzaa matokeo yale yale kwa kila mtu. Haikudumu sana mbele ya ushahidi. Mwaka wa 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake walifuatilia wapigakura katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, Marekani, ambapo watu 600 walihojiwa tena na tena kuanzia Mei hadi Novemba. Watafiti walitarajia kuona jinsi redio na magazeti yanavyogeuza kura. Waliona kwamba waliogeuzwa walikuwa wachache, na kwamba wengi waliathiriwa zaidi na watu wa karibu waliofuatilia habari na kuzizungumza. Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia ya mkondo wa hatua mbili, ambayo Elihu Katz na Lazarsfeld waliifafanua kwa kina katika kitabu cha mwaka wa 1955.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili unapatikana Tanzania. Mnamo Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kupeperusha mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, ulionuia kuelimisha umma kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kituo cha Dodoma hakikuupeperusha hadi mwaka wa 1995, kwa hivyo watafiti wakapata maeneo mawili ya kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa na Everett Rogers na wenzake mwaka wa 1999 yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka pale mchezo uliposikika. Jambo la kuzingatia ni njia yenyewe. Wasikilizaji walizungumza, mume na mke, rafiki na rafiki, kuhusu Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Mchezo uliwapa watu kisa cha kusemea mambo ambayo kwa kawaida hayasemeki, na mazungumzo yao ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya kazi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kuikana sindano ni kuvisafisha vyombo vya habari. Suala hili lina damu ndani yake. Scott Straus aliwahoji wafungwa waliokiri kushiriki mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka wa 1994, na katika makala yake ya mwaka wa 2007 akaeleza kwamba wengi wao walihamasishwa ana kwa ana, na majirani na viongozi wa mahali, kuliko na redio ya RTLM. David Yanagizawa-Drott naye, katika utafiti wa mwaka wa 2014 uliolinganisha vijiji vilivyofikiwa na mawimbi ya redio hiyo na visivyofikiwa, alikadiria kwamba takribani asilimia 10 ya ushiriki ilitokana nayo. Asilimia 10 ya maovu ya kiwango kile ni maelfu ya watu. Tafiti hizi mbili hazifutani. Zote zinamlazimu msomi aulize redio ilisikika wapi, na waliosikia walikuwa na nani.

Kenya nayo ina kisa chake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na vituo vya lugha za kiasili vikanyooshewa kidole. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi ilianza Septemba 2013 na majaji wakaisitisha tarehe 5 Aprili 2016 bila kumtia hatiani. Katika mjadala ule mrefu wa umma, lililotajwa kwa nadra ni kwamba sehemu ya maneno ya uchochezi katika vituo mbalimbali ilitoka kwa wasikilizaji wenyewe, waliopiga simu studioni, huku watangazaji wasio na mafunzo wakishindwa kuwadhibiti. Ni sindano gani hiyo ambayo mgonjwa humdunga daktari?

Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ndiye aliyepaswa kuliona jambo hili kabla ya mwingine yeyote. Tangu muhula wa kwanza hufundishwa kwamba fasihi simulizi haikamiliki bila hadhira. Kwamba fanani akisema "Paukwa" asiitikiwe, hana hadithi. Kwamba hadhira hukatiza, huuliza, hucheka pasipochekwa na hulazimisha kisa kibadilike. Mwanafunzi huyo huyo akihamia somo la vyombo vya habari, hadhira yake hugeuka mtungi wa kujazwa maji. Stuart Hall alipoandika huko Birmingham mwaka wa 1973 kwamba ujumbe husimbwa na mtoaji na husimbuliwa upya na mpokeaji, ambaye anaweza kuukubali, kuupunguza au kuupinga, alikuwa akisema jambo ambalo bibi yeyote msimulizi angelielewa bila kufafanuliwa.

Nadharia ya matumizi na uridhishaji, iliyopewa umbo na Katz, Jay Blumler na Michael Gurevitch katika miaka ya 1973 na 1974, ndiyo inayopendwa zaidi na wanafunzi siku hizi, labda kwa sababu hojaji yake ni rahisi kutunga. Inauliza watu hufanya nini na vyombo vya habari, badala ya vyombo hivyo kuwafanya nini watu. Swali ni zuri, ila linakisia kwamba kila mtu huchagua. Abiria wa matatu ya kutoka Kwa Vonza kwenda mjini Kitui hachagui kituo, huchagua dereva. Mtoto hachagui pale redio ni ya baba. Anayeitumia nadharia hii Ukambani bila kuuliza nani anashika kitufe atapata majibu mengi na maarifa machache.

Na Kwa Vonza si mahali pa kupuuzwa katika utafiti wa aina hii. Ipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka wa 2013, pamoja na kampasi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wapo wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi wakiishi miongoni mwa wakulima wanaozungumza Kikamba. Musyi FM, ambayo jina lake lina maana ya nyumbani, husikika katika maduka yale yale ambamo Kiswahili ndicho lugha ya kuuzia na kununulia. Wahadhiri wanaodai kwamba redio za lugha za kiasili zinakidhoofisha Kiswahili cha wanafunzi wanaweza kuwa sahihi, lakini dai hilo halitathibitishwa kwa kumrekodi mtangazaji. Mkamba anayesikia habari kwa Kikamba, akazibishia kwa Kiswahili na Mluo wa bwenini, kisha akazituma kwa Sheng kwenye WhatsApp, amefanya tafsiri mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

Mvua za Oktoba zikaribiapo, mkulima wa ndengu husikia utabiri wa hali ya hewa katika taarifa ya Kiswahili, "mvua ya wastani hadi chini ya wastani", kisha huusikia tena kwa Kikamba, pengine ukiwa umefafanuliwa vingine. Humwuliza jirani, hutazama mawingu, na kuamua apande lini. Kati ya taarifa ile ya kwanza na mbegu kuingia ardhini, maneno "chini ya wastani" yamekuwa na maana ngapi, na ni nani aliyezitoa? Kwa mtafiti wa Kiswahili aliyeko Kwa Vonza, shamba la kuuliza swali hilo haliko mbali na lango la chuo.