Usikimbilie Kukiri

Kijana wa Nuu akikamatwa kwa sababu ya mbuzi wa watu au magunia ya makaa, jamaa zake humpa shauri moja, tena kwa nia njema: kubali tu, omba msamaha, hakimu atakuonea huruma, mambo yaishe. Mama anatafuta nauli ya kwenda kortini Mwingi, baba anauza mbuzi wa faini, na kijana anasimama kizimbani, anasomewa shtaka, anajibu, "Ni kweli." Shauri hilo nalipinga, na nawasihi wazazi, wazee na wachungaji wa makanisa waache kulitoa.

Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 348, yasema kwamba aliyekiri kosa mbele ya hakimu na kuhukumiwa hana rufaa juu ya hatia yake. Anachoweza kulalamikia ni adhabu peke yake, uzito wake au uhalali wake. Mbuzi akionekana wiki ijayo zizini kwa jirani, utakuwa na kazi kubwa ya kujinasua.

Majaji wameijua hatari hii zamani. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo. Mshtakiwa aelezwe shtaka na kila sehemu ya kosa kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kama alivyolitamka, kisha asomewe kisa chenyewe na kuulizwa kama anakikubali. Akikipinga, au akieleza jambo linalozua shaka, hakimu aandike kwamba amekana. Basi anayesema, "Ni kweli nilikuwa na mbuzi, lakini nilimkuta barabarani," huyo hajakiri wizi. Ila akiingiwa na hofu akaimeza ile "lakini", nani atamwandikia?

Na kama Kiswahili cha kortini kinakupita, sema. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inakupa mkalimani bila malipo. Bibi aliyezoea Kikamba maisha yake yote ana haja gani ya kuitikia asichokielewa?

Mdomo uliponza kichwa, na mara nyingi huanza kukiponza kituoni, kabla korti haijakuona. Ibara ya 49 inataka uelezwe upesi sababu ya kukamatwa. Inakuruhusu kunyamaza na kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kukusaidia, na inakataza usilazimishwe kukiri. Sheria ya Ushahidi nayo, kifungu cha 25A, haipokei maungamo ila yaliyotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mtu uliyemchagua mwenyewe akiwepo. Karatasi uliyosukumiwa usiku ukiwa peke yako haina sifa hizo. Usiitie kidole gumba.

Ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini jihadhari na Ijumaa ya kamatakamata: saa hizo zikiishia Jumamosi, polisi wanaruhusiwa kukuweka hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata, nayo kwa kawaida ni Jumatatu. Jamaa wasingoje, waende kituoni kukuombea bondi. Bondi ya polisi hailipiwi. Mkidaiwa dhamana ya pesa taslimu, daini risiti.

Mwaka 1938 Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kupinga kupunguzwa kwa ng'ombe wao, alihamishiwa Lamu bila kesi. Hakupata hata hakimu wa kumwuliza kama anakiri au anakana. Leo tunaulizwa, nasi tunajibu kwa haraka ya kuwahi matatu!

Utaniambia ninawafundisha wezi. Sivyo. Kukana ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe, na mwenye hatia anaweza kubadili jibu lake baadaye na kukiri, akiwa ameshajua anachokikiri. Kwa hiyo, ewe ndugu, siku ya kwanza kana, kisha mwombe hakimu upewe nakala za taarifa za mashahidi, uende ukazisome au usomewe.