"Ni Uzee Tu" Si Jibu

Kuna maneno matatu yanayoua watu hapa Kisumu na hakuna anayeyashtaki: ni uzee tu. Mzee akianza kusahau njia ya kutoka sokoni, ni uzee tu. Mama akishindwa kuinuka kwenye benchi kanisani kwa sababu ya magoti, ni uzee tu. Akipumua kwa shida usiku, miguu ikivimba, kizunguzungu kikimwangusha bafuni, tunatikisa kichwa, tunasema amekula chumvi nyingi, halafu tunarudi kwa simu zetu.

Mimi nimechoka na hayo maneno. Ni uvivu uliovalishwa nguo za heshima. Na kama unasoma hii ukiwa na miaka 23 ukidhani haikuhusu, vumilia kidogo. Aliyezaliwa 2001 atafikisha miaka 60 mwaka 2061, na mifumo itakayompokea huko inajengwa sasa. Ama haijengwi.

Tuanze na sayansi, maana wengi wetu tuliachana na biolojia Form Four. Mwaka 1961 Mmarekani aitwaye Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikilelewa maabarani hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Kabla yake, wanasayansi wengi waliamini seli inaweza kugawanyika milele. Seli iliyosimama si lazima ife. Nyingine hubaki pale kama mpangaji ambaye halipi kodi na hataki kuhama, na juu ya hayo anamwaga maji machafu mlangoni kwa jirani: inatoa kemikali zinazochokoza seli za karibu na kuuweka mwili kwenye vita vya chini kwa chini. Hiyo ni sababu moja tu. Mwaka 2013 watafiti walikusanya alama tisa za kuzeeka kwa seli, kutoka kuharibika kwa DNA hadi kuchoka kwa vile vijiwanda vinavyoipa seli nguvu. Mwaka 2023 wakaongeza hadi 12.

Maana yake ni hii: kuzeeka kuna sababu, na sababu zinaweza kuchunguzwa. Ugonjwa wa moyo, saratani nyingi, kisukari cha ukubwani, ugonjwa wa kusahau, yote yanapanda ngazi ileile ya umri. Ukielewa ngazi, unaweza kuyapunguza mengi kwa wakati mmoja.

Kwani uzee ni ugonjwa? Hapana. Shirika la Afya Duniani lilitaka kuingiza neno "uzee" kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11. Watetezi wa wazee wakapinga, na orodha ilipoanza kutumika Januari 2022 neno hilo lilikuwa limeondolewa. Walikuwa na hoja nzito. Ukishampa daktari mchovu kisanduku cha kuandika "uzee", hataendelea kutafuta kitu kingine. Kwa hiyo tuelewane: kuzeeka si ugonjwa, lakini pia si maelezo. Mtu akikwambia gari limesimama kwa sababu ni la zamani, hajakwambia ni injini ama ni gia.

Sasa sikiza hii, manze. Mmoja wa wanyama wanaochunguzwa sana duniani kuhusu kuzeeka ni Mkenya.

Ni fuko asiye na manyoya. Anaishi chini ya ardhi kwenye sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, anakula mizizi, na ukimwona unaweza kudhani ni kidole kilichoota meno. Ukubwa wake ni kama wa panya wa nyumbani, lakini panya huyo akifika miaka mitatu amejitahidi. Fuko anapita 30. Saratani humpata kwa nadra sana. Mwaka 1981 mwanasayansi Jennifer Jarvis alitangaza kwenye jarida la Science kwamba fuko hawa wanaishi kama mchwa, wakiwa na malkia mmoja anayezaa na wengine wakimfanyia kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Calico, kampuni iliyoanzishwa na Google 2013 kuchunguza kuzeeka, walichapisha hesabu za fuko zaidi ya 3,000. Binadamu akishapita miaka 30, uwezekano wake wa kufa huongezeka mara mbili kila miaka minane hivi. Kwa fuko, walisema, mstari huo haupandi. Mwaka 2023 maabara ya Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ikachukua jeni moja ya fuko na kuiweka kwa panya. Panya wale wakaishi zaidi kwa kama asilimia 4.4 na wakapata saratani chache.

Mnaona story inaelekea wapi. Ukoo wa fuko wengi walioko kwenye maabara za ng'ambo ulichimbwa kwenye udongo wa Kenya. Mkataba wa Nagoya, unaotaka nchi yenye kiumbe igawiwe faida ya utafiti wake, ulianza kufanya kazi Oktoba 2014, wakati fuko wetu walishazeeka ng'ambo, ama tuseme walishakataa kuzeeka ng'ambo. Sisemi turudishiwe panya. Nasema tuache kuongea kana kwamba sayansi ya uzee ni hobi ya wazungu. Malighafi ilitoka kwetu. Tulichokosa ni kiti mezani.

Na meza yenyewe imejaa watu wa ajabu. Mimi huandika kwa malipo. Wateja wangu wengi wako ng'ambo, na mwaka jana mmoja alitaka makala kumi kuhusu kuishi hadi miaka 120. Ndiyo nikaijua hiyo dunia. Bryan Johnson, tajiri wa teknolojia Marekani, anaripotiwa kutumia dola milioni mbili kwa mwaka ili asizeeke, na mwaka 2023 alijitia plazma ya damu ya mwanawe wa kiume. Kampuni ya Altos Labs ilizinduliwa Januari 2022 ikiwa na dola bilioni tatu.

Weka hizo bilioni kando, uangalie metfomini. Hii ni dawa ya kisukari, ya bei ya chini, iko kwenye kemisti yoyote Kondele. Daktari Nir Barzilai wa New York aliandaa utafiti wa watu 3,000 wenye miaka 65 hadi 79, kuona kama inaweza kuchelewesha magonjwa ya uzee yakiwa kundi. Haijathibitishwa, kwa hiyo usikimbie kununua. Lakini utafiti huo umehangaika miaka mingi kutafuta pesa, kwa sababu dawa isiyo na hakimiliki haimtajirishi mtu. Hapo ndipo hasira yangu iko. Swali ambalo jibu lake lingemfaa dani yangu linakosa mfadhili, na swali linalomfaa bilionea linapata bilioni.

Niongee kuhusu huyo dani. Anaishi nasi hapa Migosi, amepita miaka sabini. Alianza kukosa pumzi akitembea kutoka stejini hadi nyumbani. Nikampeleka kliniki moja, jina nalihifadhi. Kijana wa rika langu, koti jeupe, hakumgusa. "Dani, hiyo ni uzee tu. Pumzika, kunywa maji." Dani akamshukuru, watu wa umri wake hushukuru, na njiani akaniambia, "Nyakwara, si umesikia, ni miaka tu." Wiki mbili baadaye, kwingine, muuguzi alimfunga mkono na mashine. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Moyo ulikuwa umeanza kushindwa na kazi. Sasa anameza vidonge, anapanda ngazi, na amerudi kugombana na mama wa omena kuhusu kipimo. Miaka ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alipima.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hiyo sikufundishi udaktari. Ila kupima hakuhitaji digrii.

Na hapa kando ya ziwa tuna deni la pekee. Mwaka 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi janga la kitaifa. Wengi wetu tunajua maana yake bila kusimuliwa: ndiyo sababu tuna dani badala ya mama kwenye picha za shule. Dawa zilipoanza kusambaa katikati ya miaka ya 2000, waliokuwa na miaka 30 hawakufa. Sasa wamepita 50. Huo ni ushindi, lakini una swali ndani yake, kwa sababu anayeishi na virusi, hata vikiwa vimedhibitiwa, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo kuliko jirani yake. Mwaka 2023 utafiti wa watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba kidonge cha kupunguza kolesteroli kilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo kwa asilimia 35 miongoni mwa watu wa aina hiyo. Hiyo ni sayansi ya uzee. Haina bilionea ndani, na inamhusu baba wa mtu hapa Manyatta.

Najua majibu yenu, nimeyasikia kwenye matatu na kwenye meza za chai.

La kwanza: Kenya ni nchi ya vijana, asilimia 75 hawajafika 35, tuna shida ya kazi kwanza. Sawa. Lakini nani anaacha kazi mzee akianguka? Ni binti wa miaka 25 anayefunga kibanda chake kumwangalia shosho. Nani analipa? Ni wewe, kila mwisho wa mwezi. Serikali inampa aliyefika 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, zikija. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Uzee wao ni bajeti yako.

La pili: haya ni mambo ya Mungu. Malaria pia ilikuwa mambo ya Mungu. KEMRI iko hapa Kisian, imefanya kazi na Wamarekani tangu 1979, na watu wa ziwa wametoa damu ya utafiti miaka yote hiyo. Chanjo ya malaria ilijaribiwa kwa watoto wetu Siaya na Kombewa kabla ya kuzinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Hakuna mchungaji aliyesema tunamwingilia Mungu. Kwa nini mtoto astahili maabara na nyanyake astahili maombi peke yake?

La tatu, na hili huniuma zaidi: wazee wameshaishi, waache wapumzike. Kwa heshima, acheni unafiki. Mzee akifa tunafungua group la WhatsApp na kuchanga pesa za jeneza, hema, ng'ombe na sauti ya kuamsha kijiji kizima, ndani ya wiki moja. Mashine ya kupima presha nyumbani haikaribii bei ya jeneza, na sijawahi kuongezwa kwenye group ya kuinunua. Tunapenda wazee wetu wakiwa wamelala.

Kutojua huku pia kuna upande wenye damu. Oktoba 2021, Marani kule Kisii, umati uliwaua na kuwachoma wanawake wanne wazee kwa madai ya uchawi. Mahali ambapo hakuna anayefundishwa jinsi ubongo unavyozeeka, mama anayetembea usiku bila kujua aendako, anayeongea na waliokufa, anayemsahau mwanawe, hupewa jina la mchawi haraka kuliko anavyopewa daktari.

Kwa hiyo tudai vitu vinavyoshikika. Siaya tayari kuna maeneo ambako watafiti wamesajili vizazi na vifo kwa zaidi ya miaka 20. Hao wananchi sasa ni wazee, wafuatiliwe katika uzee wao pia, si utotoni tu. Pesa za kazi hiyo ziwe kwenye bajeti yetu. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada, tuliona jinsi kliniki inavyoyumba kwa saini ya mtu ambaye hatukumpigia kura. Kaunti impime presha na sukari kila aliyefika 60 anapokuja kwa sababu yoyote, hata akija kusindikiza mjukuu. Wanaosomea udaktari na uuguzi wafundishwe uzee kama somo kamili. Na anayetaka fuko wetu leo aje na nafasi za masomo kwa watoto wa Mtito Andei.

Hayo ni ya serikali. Ya kwako ni madogo. Wikendi hii mpeleke mzee wako apimwe. Akiambiwa ni uzee tu, usitoke chumbani. Uliza: uzee wa kitu gani? Wa moyo, wa figo, wa ubongo, wa damu? Uliza kwa adabu, uulize tena, na ukae pale hadi mtu achukue mashine.