Sarafu Isiyonunua Mkate

Kuna sarafu zilizofuliwa ili zisinunue chochote. Wakusanyaji huziita prufu. Katika karne ya 19, kiwanda cha serikali ya Marekani kilichoko Philadelphia kiling'arisha vipande vya madini na mihuri ya chuma, kisha kikavigonga vipande hivyo kwa nguvu na utaratibu mpaka uso wake ukameremeta kama kioo. Ziliuzwa kwa bei iliyozidi thamani iliyoandikwa juu yake, zikaenda moja kwa moja kabatini. Leo senti tano ya nikeli ya mwaka 1877 hunadiwa kwa maelfu ya dola.

Watetezi wa ukusanyaji huu husema kwamba wanahifadhi historia. Naipinga hoja hiyo, na shahidi wangu ni sarafu hiyo hiyo ya 1877.

Mwaka huo kiwanda hakikufua hata senti tano moja ya nikeli kwa matumizi ya umma. Sababu haikuwa siri: zile zilizofuliwa tangu 1866 zilikuwa zimejaa mitaani kupita mahitaji. Hata hivyo, mia chache zilifuliwa kwa ajili ya wakusanyaji. Uadimu unaosifiwa mnadani ulizaliwa na uamuzi wa ofisi. Nchi hiyo ilikuwa bado imelemewa na mdororo wa uchumi ulioanza 1873. Mwezi Julai 1877, kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio ilipopunguza tena mishahara, wafanyakazi waligoma huko Martinsburg, na mgomo ukaenea katika majimbo kadhaa. Pittsburgh ilishuhudia wanamgambo waliotoka Philadelphia, mji ule ule wa kiwanda cha sarafu, wakiufyatulia risasi umati na kuua watu wapatao ishirini. Ukiishika prufu ya 1877, utaona ngao, nyota na tarakimu 5. Hutaona alama ya kidole cha aliyekatwa mshahara, kwa kuwa haikukusudiwa kufika mkononi mwake.

Hata madini yake yana siasa. Robo ya sarafu hiyo ni nikeli, robo tatu ni shaba. Joseph Wharton, tajiri aliyemiliki mgodi wa nikeli Pennsylvania, alichapisha mwaka 1864 kijitabu kilichotetea sarafu ndogo za nikeli. Miaka miwili baadaye, Bunge la Marekani likaidhinisha senti tano ya nikeli. Mwenye mgodi akawa na mteja asiyefilisika: dola yenyewe. Historia hiyo ndiyo ingestahili kuandikwa kando ya kila sarafu, lakini orodha za mnada hushughulika zaidi na mng'ao na alama kati ya 1 na 70.

Nitajibiwa kwamba prufu huonyesha usanii wa mchongaji kwa ukamilifu, na kwamba zisingetunzwa tusingeujua. Ni kweli, na nakubali kwamba zinastahili droo katika jumba la makumbusho. Ninachokataa ni kuugeuza usafi kuwa kipimo cha thamani ya kihistoria. Senti tano iliyochakaa hadi ngao yake ikafutika inatueleza kwamba ilipita katika maduka, malipo na madeni ya watu. Uchakavu ni maandishi, na mwanahistoria anayeuita kasoro ameacha kazi yake kwa dalali.

Wanafunzi, mkipewa kitu kizuri cha kale, ulizeni kwanza kilitengenezwa kwa ajili ya nani. Nanyi watumishi wa umma mnaosimamia nyaraka na makumbusho, fedha ya wananchi isitumike kushindana na matajiri kwa sababu ya pointi moja ya mng'ao. Nunueni zilizochakaa. Ni rahisi, na ndizo zilizonunua mkate.